Ufunguo Mwekundu wa Irja Tolonen

Kwa miaka thelathini na moja Irja Tolonen aliendesha basi la maktaba kwenye barabara za mkoa wa Kainuu, na kwa muda wote huo hakuligusisha hata kwenye nguzo ya sanduku la barua. Nalisema hili mapema, maana baadaye watu walimzungumzia utadhani alipata leseni juzi. Barabara ikiwa barafu tupu, alifika kila kituo kwa wakati, akafungua mlango, na vikongwe wakapanda kurudisha riwaya zao za mapenzi na kudai nyingine. Alipostaafu walimpa maua na saa ya ukutani. Saa hiyo ipo jikoni kwake, na chini yake amepiga msumari wa kutundikia ufunguo wa gari.

Gari lenyewe ni la mwaka tisini na nane, refu kwa nyuma, la kijani kilichopauka. Mumewe Onni alilinunua likiwa jipya, na Onni alipofariki Irja alibaki nalo pamoja na nyumba yao ya mbao pale Korpivaara. Duka liko kilomita thelathini na nane. Rafiki yake Lempi, ambaye macho yake hayaoni tena, yuko kwenye nyumba ya wazee mjini, na kila Alhamisi Irja alikwenda kumsomea sura mbili za kitabu. Ukimnyang'anya mtu wa huku gari, umemnyang'anya nyumba pia, hata kama paa bado liko juu ya kichwa chake. Kila mtu Korpivaara analijua hilo.

Asubuhi moja ya mwisho wa Januari gari likakataa kuwaka. Betri ilikuwa nzima, hita ya injini ilikuwa imechomekwa tangu alfajiri kama kawaida, stata ilizungusha kwa nguvu, lakini injini haikushika. Kwenye dashibodi taa ndogo ya njano yenye picha ya ufunguo ilimetameta upesi upesi. Irja alijaribu ufunguo wa pili, ule wa akiba. Hali ikawa ile ile. Akampigia simu Taisto.

Taisto Kemppainen ni jirani wa kilomita moja, fundi wa kila chenye injini, na alikuwa rafiki wa Onni tangu utoto. Humwita Irja shemeji. Chochote kinacholegea yeye hukifunga kwa utepe mweusi wa umeme: mpini wa nyundo, miwani yake, hata pakiti ya kahawa akishaifungua. Irja alikuwa akimtania kwamba siku akifa atajifunga mwenyewe sandukuni kwa utepe huo. Tangu Onni atutoke, Taisto alikuja kila Jumamosi kuoga mvuke katika sauna, kile kibanda cha kuogea cha Irja, maana ya kwake iliungua, kisha wakanywa kahawa na mkate mtamu wa iliki. Hakukuwa na zaidi ya hapo, na kijiji kilishachoka kutafuta zaidi.

Siku hiyo alikuja mara moja. Aliinama chini ya usukani, akagonga hapa, akavuta pale, akatoka akijifuta mikono. Akamweleza Irja kwamba ndani ya kichwa cha ufunguo mna chipu ndogo kama punje ya mchele, na kuzunguka swichi kuna pete inayoisikiliza. Gari lisiposikia chipu linayoijua, linadhani mwizi kaingia, linajinyima mafuta. Sasa pete imekufa, alisema. Wiki iliyofuata alileta pete nyingine aliyosema kaitoa kwenye makaburi ya magari. Haikusaidia. Wiki ya tatu alisema sanduku lenyewe la kuzuia wizi limeoza na vipuri vyake havitengenezwi tena, akachukua kijitabu cha gari kutoka kwenye droo ya dashibodi akakisome nyumbani. Hakukirudisha.

"Limeshazeeka, shemeji," alimwambia wakiwa jikoni. "Limetumika vya kutosha. Hata sisi tutafika hapo."

Irja, ambaye si mtu wa kulia mbele ya watu, alilia. Taisto akachana kipande cha karatasi ya jikoni akampa, akageuka kutazama theluji dirishani mpaka alipomaliza.

Binti yake, Outi, muuguzi anayeishi Kajaani, hakuchelewa. Ndani ya siku kumi alikuwa amepata fleti ya wazee huko mjini, ghorofa ya pili, yenye lifti na mahali pa kuegesha baiskeli za magurudumu matatu. Kila Jumapili alipiga simu. Mama utaanguka uani na nani atakuokota? Mama umesahau mwezi wa kumi? Mwezi wa kumi Irja alikuwa amemkwepa kulungu wa kufugwa aliyesimama katikati ya barabara, akaingia mtaroni polepole, pasipo mkwaruzo. Taisto alimvuta kwa trekta, wakacheka, na Irja akamwomba asimwambie Outi. Wiki haikupita, Outi akajua. Irja alidhani ni maneno ya dukani.

Lakini Outi alikuwa mwema. Mwezi huo huo wa Januari alichukua ruhusa kazini akamfuata mama yake kijijini ili ampeleke kwa daktari wa macho. "Usijisumbue kuendesha, Mama, leo wewe ni abiria," alisema. Daktari akasema macho yako sawa, akaandika cheti cha leseni. Kisha wakala keki karibu na kituo cha mabasi, Outi akamshika mkono mezani, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu mazishi. Irja aliitunza siku hiyo moyoni. Gari liligoma asubuhi iliyofuata.

Basi, Irja akakubali. Alikubali kwa sababu ya gari, si kwa sababu nyingine yoyote. Outi angekuja na karatasi za fleti Jumapili ya tatu ya mwezi Machi, mama mtu aweke sahihi.

Jumanne kabla ya hapo alipanga vitabu vya maktaba kwenye kiti cha sleji yake, ile ya kusukuma kwa mguu huku umeshika mpini, akateleza mpaka njia panda ambako basi la maktaba husimama kila baada ya wiki mbili. Dereva wa sasa ni Ilpo, mwanaume wa miaka arobaini na kitu, ambaye Irja mwenyewe alimfundisha kazi. Alimkabidhi vitabu akamwambia ndiyo mara ya mwisho, anahamia mjini, gari limekufa na halina vipuri.

"Lile la kijani?" Ilpo aliuliza. "Mwalimu, kitabu cha kulitengenezea si kiko hapo nyuma, rafu ya chini? Ulikipanga mwenyewe. Nimekipangusa vumbi miaka kumi na mbili, hakuna aliyekiazima."

Irja alisimama na kofia yake ya sufu mkononi. Miaka yote aliyokaa na kitabu kile mgongoni hakuwahi kukifungua, maana alikuwa na Taisto. Kitabu cha nini, ukiwa na Taisto? Alikiazima kwa aibu kidogo, akijiambia ni kwa ajili ya kuliaga gari vizuri.

Alikisoma mezani na kahawa. Sura ya kuzuia wizi ilikuwa kurasa tatu tu, na ilisema jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Ile taa ya njano ina maneno mawili. Ikikaa imewaka tu bila kukatika, maana yake gari halisikii ufunguo wowote: pete mbovu, waya umekatika, au chipu imekufa. Ikimetameta upesi, maana yake gari limeusikia ufunguo vizuri kabisa, ila haliujui.

Alisoma tena. Halafu akavaa koti, akachukua karatasi ya alumini ya kuokea samaki, akaenda uani. Aliwasha swichi: taa ikametameta. Akauchomoa ufunguo, akauzungushia karatasi ya alumini kichwani ili pete isiweze kuisikia chipu, akauchomeka tena. Taa ikatulia, ikawaka moja kwa moja. Akaitoa karatasi. Ikametameta. Alifanya hivyo mara nne, pumzi yake ikiganda kwenye kioo, mpaka hakuwa na pa kukimbilia. Pete ilikuwa nzima. Waya zilikuwa nzima. Hakuna kilichooza. Gari lilikuwa linamsikia, na lilikuwa limeambiwa limsahau.

Kitabu kilieleza hata namna ya kulisahaulisha. Gari la aina hii lilipouzwa jipya lilikuja na ufunguo mmoja mwekundu, ambao hauendeshewi. Kazi yake ni kulifundisha gari funguo nyingine. Unaanza na mwekundu, unachomeka upesi zile unazotaka zijulikane, unamaliza na mwekundu. Ambao haukuchomekwa katika somo hilo, gari halitaujua tena.

Ufunguo mwekundu wa Irja ulikuwa kwenye kopo la kahawa katika chumba cha kuvulia nguo saunani, nyuma ya matawi makavu ya kujipigia mwilini wakati wa kuoga mvuke. Onni aliufunga ndani ya soksi ya sufu, akaizungushia uzi wa wavu wa samaki mara nyingi mno, akisema mwizi atakayeufungua atakuwa ameshazeeka. Watu watatu tu walijua ulipo. Mmoja yuko makaburini.

Aliteremka saunani taratibu. Nataka niseme kweli: njiani aliomba. Hakuombea gari lipone. Aliomba akute uzi wa Onni.

Kopo lilikuwa mahali pake. Soksi ilikuwa mahali pake. Uzi haukuwapo. Soksi ilikuwa imefungwa vizuri, kwa uangalifu, kwa utepe mweusi wa umeme.

Irja alikaa kwenye benchi la sauna baridi, soksi mapajani. Hasira haikuja kwanza. Kwanza zilikuja hesabu za siku. Alikumbuka kwamba siku ya daktari wa macho, kabla ya kupanda gari la Outi, aliegemeza ufagio mlangoni. Huku hatufungi milango kwa ufunguo. Mtu akitoka, ufagio unasimama mbele ya mlango, na anayekuja akiuona anajua hakuna mtu, anageuka anarudi zake. Hata wauza dini wanauheshimu, hata wawindaji wageni wakishaelezwa mara moja. Sasa alimwona Taisto akiingia uani saa ile ile yeye akiwa anakula keki. Amekuta ufagio. Ameupita kwenda saunani, kisha ameusogeza kando, ameingia jikoni kutafuta ufunguo wa kufungulia mlango wa gari chini ya saa ya maktaba, na alipomaliza ameurudisha ufagio wima kama alivyoukuta. Na Outi alikuwa akitazama saa. Irja alikumbuka hilo pia: kati ya kipande cha kwanza cha keki na cha pili, binti yake alipokea ujumbe kwenye simu, akausoma, na ndipo akamshika mkono.

Hapo ndipo palipomchoma. Mambo ya gari angeweza kumsamehe mtu. Mkono ule asingeweza.

Hakumpigia mtu simu. Aliivua soksi utepe, akautoa ufunguo mwekundu, akarudi garini, kitabu kikiwa wazi kwenye kiti cha pembeni. Mwekundu ndani, swichi, taa ikazimika. Mwekundu nje, wake ndani kabla hajahesabu kumi na tano. Wa akiba. Mwekundu tena. Mara ya kwanza alichelewa, vidole vikiwa vigumu kwa baridi, ikabidi aanze upya. Mara ya pili alichomeka ufunguo wake, akazungusha, na injini ikashika kwa mngurumo ule anaoujua kuliko sauti za watu. Moshi ukatanda uani juu ya theluji. Aliiacha iungurume dakika chache, mikono juu ya usukani, akilia na kutukana kwa pamoja, maneno ambayo mkutubi hapaswi hata kuyajua. Kisha akaizima. Hakwenda popote. Alingoja Jumamosi.

Jumamosi Taisto alikuja na taulo lake begani. Alioga, akatoka mwekundu uso mzima, akaketi mahali pake. Irja alimmiminia kahawa, akamkatia mkate wa iliki, akamwuliza mambo ya trekta. Alitaka kumpa nafasi. Alikuwa ameamua tangu Jumanne kwamba atampa moja.

"Nilikuwa nafikiri, Taisto. Ile pete. Una hakika imekufa?"

Taisto alikoroga kahawa, ingawa hatii sukari. "Imekufa, shemeji. Pete, sanduku, vyote. Usijitese."

Irja akaweka ufunguo mwekundu mezani, na kando yake utepe mweusi, ungali umejikunja umbo la soksi.

Taisto aliutambua utepe wake. Watu wetu hawajui kusema. Jambo likiwa gumu kulisema tunalifanya tu, halafu tunakunywa kahawa juu yake. Hatimaye alieleza, macho yakiwa mezani. Outi alimpigia baada ya lile la mtaroni. Alimpigia mara nyingi. Alisema kazini kwake anawapokea wazee waliochomolewa kutoka kwenye magari yaliyopondeka, na kila simu ya usiku anadhani ni mama yake. Alimwomba njia isiyo na ugomvi, njia ambayo mama hatakuwa na wa kumlaumu, ila gari.

"Alilia, Irja," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina tupu.

"Na mimi nililia. Kiti hicho hicho. Wewe ndiye uliyenipa karatasi."

"Nilitaka uwe hai."

"Ungeniambia."

"Ungesikia?"

Irja alifikiri, maana alikuwa mtu wa haki hata akiwa na hasira. "Nisingesikia. Tungegombana mwaka mzima, na ungekuja kuoga umenuna. Ningelipenda hilo. Lakini wewe uliupita ufagio wangu, Taisto. Uliupita, ukaurudisha."

Taisto alitia mkono mfukoni akatoa ufunguo mpya, unaong'aa, ambao ndio pekee aliolifundisha gari siku ile, akausukuma mezani kuelekea kwake. Alisema basi achukue, ndio unaowasha.

"Huo haufanyi kazi," Irja alimwambia. "Toka Jumanne. Gari halikujui."

Taisto akachukua taulo. Mlangoni aligeuka kama mtu anayetaka kuuliza kuhusu Jumamosi ijayo, akaona uso wa Irja, akaacha. Mkate wa iliki ulibaki sahanini umeumwa mara moja. Irja, ambaye hatupi chakula, aliutupa.

Usiku ule Outi alipiga simu mara sita, na Irja aliiacha ilie. Alijua Taisto kashamwambia. Alijaribu kuyapanga maneno ya kumwambia mtoto wake, na kila alipoanza alirudi pale pale mezani kwenye keki, kwenye vidole vya joto vilivyomfunika mkono. Alijiuliza kama walau nusu ya mshiko ule ilikuwa ya kweli. Hilo hakuna kitabu cha maktaba kingemwambia.

Jumapili asubuhi alitoka mapema, gizani bado, akaondoa theluji, akawasha gari, akaendesha mpaka mjini. Haikuwa Alhamisi lakini wiki saba zilikuwa zimepotea, na Lempi alikuwa anamdai sura kumi na nne. Walisoma tatu. Lempi aliuliza kwa nini sauti yake imekauka, naye akasema ni baridi. Barabarani kurudi alikutana na kulungu wawili, akasimama, akawangoja wapite.

Saa nane alikuwa nyumbani. Aliegesha gari katikati ya uwanja, boneti likiwa bado linatoa mvuke, mahali ambapo mtu yeyote anayeingia lazima aone. Kisha alichukua ufagio, akaingia ndani, akanyoosha mkono kupitia upenyo wa mlango na kuuegemeza mbele yake kwa nje, akaufunga mlango nyuma ya ufagio. Hakugeuza kufuli. Aliketi jikoni chini ya saa.

Gari la Outi liliingia saa tisa kasoro dakika chache. Irja alisikia mlango wa gari ukifungwa, halafu nyayo zikikwaruza theluji ngumu, zikapunguza mwendo karibu na gari la kijani. Huenda aliweka kiganja kwenye boneti. Nyayo zikaendelea, zikapanda ngazi mbili za mbele ya mlango, zikasimama.

Kati yao palikuwa na ubao wa inchi mbili, mlango usiofungwa, na ufagio unaosema hakuna mtu. Irja alisikia binti yake akivuta pumzi. Alisikia kitu kikigusa mpini wa ufagio, kidogo tu, na hakujua mwenyewe anataka nini: usogezwe, au uachwe.

"Mama," Outi alisema nje, kwa sauti ya chini. "Mama, nakuona dirishani."

Irja hakusogea. Saa ya maktaba iligonga saa tisa. Nyayo zikashuka ngazi moja, halafu ya pili, zikavuka uwanja polepole, na safari hii ufagio uliheshimiwa.